Sahani Moja, Miili Miwili

Kusini mwa Malawi zipo nyumba ambamo mapacha wamelelewa na mama mmoja, wamelala mkeka mmoja na kula nsima ya sufuria moja, lakini mmoja akanawiri na mwenzake akaugua. Anayeugua huamka uso umemvimba, miguu imejaa maji, nywele zimefifia rangi na kuanza kunyonyoka. Hataki kucheza, na hata chakula chenyewe hakitaki. Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha nchini humo tangu uchangani hadi miaka mitatu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013. Nusu ya jozi hizo zilibaki na afya njema. Katika asilimia 7, watoto wote wawili walipata utapiamlo mkali. Zile asilimia 43 zilizosalia ndizo zilizowashughulisha watafiti, kwa sababu pacha mmoja alidhoofika na mwenzake akabaki mzima.

Huku kwetu jambo la namna hiyo likitokea, maneno hutangulia matibabu. Mtoto kabemendwa, watu husema. Wazazi hawakustahimili hadi mtoto aache ziwa, au baba ametoka nje ya ndoa. Jirani atasema mama hajui kulea, na mama mwenyewe atakawia kwenda kliniki kwa kuona haya. Watu wazima nao hawasalimiki. Mnene huitwa mlafi hata kama hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Aliyepungua ghafla hunong'onwa kuwa ana ngoma. Mwembamba anayekula akashiba huambiwa kuwa minyoo ndiyo inayokula. Tunautazama mwili wa mtu, papo hapo tunadhani tumeijua sahani yake, na tukishaijua sahani tunadhani tumeijua na tabia yake.

Kwa miaka themanini sasa wanasayansi wamewalisha watu, wamewapunguzia chakula, wamewapima damu, mate na pumzi, na kila walipofanya hivyo kwa uangalifu wamekuta kuwa miili miwili ikipewa chakula kile kile, kwa kiasi kile kile, haifanyi nacho jambo moja. Matokeo hayo yanamhusu kila mama anayelaumiwa, kila mgonjwa wa kisukari anayekaripiwa na kila mtu anayejilinganisha na mwenzake mezani.

Kipimo cha vidole gumba

Mtoto anayeshukiwa kuwa na utapiamlo akifika kliniki, muuguzi humwinamia na kubonyeza kwa vidole gumba juu ya miguu yake yote miwili. Anahesabu sekunde tatu, kisha anaachia. Vishimo vikibaki pale alipobonyeza, miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa unyafuzi, ambao wengi wanauita kwashakoo. Baada ya hapo huchukua utepe wenye rangi tatu na kuuzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5 umeangukia kwenye nyekundu, na hapo matibabu hayasubiri. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Zaidi ya hapo ni kijani.

Vipimo hivyo viwili vinahitajika kwa pamoja kwa sababu miili ya watoto hulalamika kwa njia tofauti. Mmoja hukonda hadi mbavu zikahesabika. Mwingine huvimba, na uvimbe huo humdanganya mzazi, maana mashavu yamejaa na uzito kwenye mizani haujashuka sana. Daktari Cicely Williams alipoueleza ugonjwa huu katika jarida la kitabibu mwaka 1933, akitokea Gold Coast ambayo leo ni Ghana, alihisi kuwa chanzo ni upungufu wa kitu fulani, pengine protini, kwa watoto wanaolishwa mahindi. Kwa miongo mingi vitabu viliegemea hapo. Lakini kama upungufu wa protini ungetosha kueleza kila kitu, mapacha wa Malawi wasingetofautiana kiasi kile.

Watafiti waliutafuta ufumbuzi kwenye utumbo. Walichukua vinyesi vya mapacha ambao mmoja alikuwa na unyafuzi na mwenzake hana, wakapandikiza bakteria waliomo kwa panya waliokuzwa bila bakteria wowote, kisha wakawalisha panya hao chakula kinachofanana na cha vijijini Malawi. Panya waliopewa bakteria wa mtoto mgonjwa walipungua uzito sana. Waliopewa wa pacha mzima hawakupungua kiasi hicho. Lile kundi la kwanza nalo, lilipolishwa chakula bora, halikudhoofika vile. Kwa hiyo chakula duni kilihitaji bakteria fulani, na bakteria hao walihitaji chakula duni, ndipo madhara yakatokea.

Elimu hiyo haikuishia maabara. Mwaka huo huo wa 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine lililofanyika Malawi, lililohusisha watoto 2,767 wenye utapiamlo mkali. Wote walipewa chakula dawa, ule mchanganyiko mzito wa karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini unaofungwa kwenye paketi. Baadhi waliongezewa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku saba, wengine wakapewa dawa bandia. Katika kundi la dawa bandia walifariki asilimia 7.4, na katika kundi la amoksilini asilimia 4.8. Kuna watoto walio hai leo kwa sababu mtu fulani alikataa kuamini kwamba ugonjwa wa mtoto mwenye njaa unaelezwa na sahani peke yake.

Vijana 36 chini ya uwanja wa mpira

Njaa yenyewe ilipimwa kwa kina wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikielekea ukingoni. Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya mamilioni waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Vijana 36 wenye afya, waliokataa kubeba silaha kwa sababu za imani na dhamiri, walijitolea. Waliishi kwenye vyumba vya maabara chini ya uwanja wa mpira wa chuo, na kuanzia Februari 1945, kwa muda wa wiki 24, walilishwa wastani wa kilokalori 1,570 kwa siku: viazi, mkate, makaroni, kabichi. Kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35.

Lengo lilikuwa kila mmoja apoteze takriban robo ya uzito wake. Na hapa ndipo miili ilipoanza kutofautiana. Keys hakuweza kuwapa wote mgao mmoja. Ilibidi kila wiki aangalie mizani na kumwongezea huyu vipande vya mkate, kumpunguzia yule, kwa sababu wapo waliopungua haraka kuliko alivyokadiria na wapo ambao miili yao ilishikilia uzito. Unaweza kuwaza uchungu wa kijana anayetazama mgao wa jirani yake ukiongezwa huku wake ukikatwa, na wote wawili wana njaa ile ile.

Mwili uliopungukiwa chakula hufanya kama nyumba iliyopungukiwa fedha, hukata matumizi. Mapigo ya moyo ya vijana wale yalishuka, wakawa wanahisi baridi hata katika majira ya joto, na nishati ambayo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika ilipungua kwa takriban asilimia 40. Akili nazo zilibadilika. Walisoma vitabu vya mapishi kama watu wasomavyo barua za mapenzi, walilamba sahani, walikasirishwa na vitu vidogo, wengine wakazama kwenye huzuni nzito. Hawa walikuwa watu waliochaguliwa kwa uthabiti wao. Hata hivyo si wote 36 waliofika mwisho. Waliobaki, walipoanza kulishwa tena, wengi walikula hadi tumbo likauma na bado wakasema wana njaa, na mafuta yalirudi mwilini kabla ya misuli.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, na maabara ile ilithibitisha kwa namba. Mwalimu anayemwona mwanafunzi amesinzia saa tano asubuhi, au mwajiri anayemwona kibarua mzito wa mwendo, huenda anautazama mwili unaojinusuru. Na wanafunzi wawili waliokosa kifungua kinywa hawatasinzia kwa kiwango kimoja.

Mapacha walioshibishwa

Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, nchini Kanada, kilifanya kinyume chake. Claude Bouchard na wenzake waliwachukua vijana 24, jozi 12 za mapacha wanaofanana, wakawaweka mahali pamoja chini ya uangalizi na kuwalisha kilokalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao, siku sita kwa wiki, kwa siku 84 ndani ya muda wa siku 100. Mazoezi yalizuiwa. Kila kijana alipewa ziada ile ile ya kilokalori 84,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990.

Wastani wa uzito ulioongezeka ulikuwa kilo 8.1. Lakini aliyeongezeka kidogo kuliko wote alipata kilo 4.3, na aliyeongezeka zaidi alipata 13.3. Ziada moja, tofauti ya kilo tisa. Jambo lililoushangaza ulimwengu wa tiba ni kwamba mapacha wa jozi moja walifanana. Pacha mmoja akinenepa sana, ndugu yake naye alinenepa sana. Mafuta yakimkaa mmoja tumboni, mwenzake naye yalimkaa tumboni. Tofauti kati ya jozi na jozi ilikuwa mara tatu ya tofauti kati ya ndugu na ndugu. Vinasaba, yaani urithi tuliopewa na wazazi, vilikuwa vikiongea.

Ziada hiyo huenda wapi kwa yule asiyenenepa? Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa sehemu ya jibu mwaka 1999. Watu 16 walilishwa kilokalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Aliyehifadhi mafuta kidogo zaidi alipata gramu 360, na aliyehifadhi mengi zaidi alipata zaidi ya kilo nne. Kilichowatofautisha kilikuwa mijongeo midogo ambayo hakuna anayeiita mazoezi: kusimamasimama, kujigeuza kitini, kutikisa mguu, kukaa wima. Wapo ambao mwili ulipopata ziada ulianza kuchangamka wenyewe na kuiunguza. Hawakuwa wameamua.

Wapo pia ambao kengele ya shibe haikuwekwa mwilini tangu kuzaliwa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na wenzake waligundua jeni ya homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo. Miaka mitatu baadaye madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Msichana alikuwa na miaka minane na kilo 86. Binamu yake wa kiume alikuwa na miaka miwili na kilo 29. Walikuwa na njaa muda wote, na wazazi waliojaribu kuwazuia walikumbana na vilio visivyokoma. Msichana alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilishuka ndani ya siku chache, na katika mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Hali hiyo ni nadra sana, lakini fundisho lake ni la wote: mtoto yule aliyeitwa mlafi alikuwa mgonjwa, na dawa ilipopatikana ulafi uliondoka.

Mate ya Eyasi

Hakuna haja ya kwenda Kanada kuziona tofauti hizi. Chukua kipande cha muhogo uliochemshwa bila sukari, kitafune taratibu na usikimeze upesi. Baada ya muda utaonja utamu. Huo ni wanga unaogeuzwa kuwa sukari na amilasi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate. Mwenzako akifanya hivyo hivyo, huenda utamu ukamjia mapema kuliko wewe, au ukachelewa. Sababu moja ni kwamba watu hubeba idadi tofauti ya nakala za jeni inayotengeneza amilasi hiyo. Wapo wenye mbili tu, wapo wenye zaidi ya kumi.

Mwaka 2007 watafiti walilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zinazokula kidogo. Miongoni mwa jamii walizochagua zilikuwamo mbili za Tanzania zinazoishi jirani katika ukanda wa Ziwa Eyasi: Wahadzabe, ambao huchimba mizizi, hula ubuyu, asali na nyama ya mawindo, na Wadatoga, wafugaji wanaotegemea maziwa, nyama na damu ya ng'ombe. Kwa wastani, jamii za wanga mwingi, Wahadzabe wakiwamo, zilikuwa na nakala nyingi zaidi kuliko jamii za wanga kidogo, Wadatoga wakiwamo. Majirani wanaotazamana ng'ambo ya ziwa moja wamebeba mate yaliyoandaliwa kwa vyakula tofauti.

Mwaka huo huo Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa maziwa uliohusu watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikwenda vijijini, wakawanywesha watu maji yaliyochanganywa na laktosi, sukari ya maziwa, kisha wakawapima sukari kwenye damu kila baada ya dakika 20 kwa saa nzima. Ambaye sukari yake ilipanda alikuwa bado na kimeng'enya cha kuyeyusha maziwa. Ambaye haikupanda alikuwa amekipoteza tangu utoto, kama walivyo watu wazima wengi duniani. Waligundua mabadiliko ya vinasaba yaliyotokea hapa hapa Afrika, tofauti na yale ya Wazungu, na moja lililoenea zaidi kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,000 hadi 7,000. Ufugaji wenyewe ndio ulioliimarisha: walioweza kunywa maziwa ukubwani waliishi na kuacha watoto wengi zaidi.

Kwa hiyo mgeni anayekataa kikombe cha maziwa mabichi nyumbani kwa mfugaji asidhaniwe kuwa na dharau. Tumbo lake huenda litajaa gesi na kumharisha kabla ya jua kuzama. Mara nyingi atayaweza maziwa mgando, kwa sababu bakteria wanaoyagandisha wameshakula sehemu ya laktosi.

Kwa Wahadzabe kuna somo jingine. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na watu wazima 30 wa jamii hiyo, wakachapisha mwaka 2012. Wanaume walitembea wastani wa zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu sita. Walitegemewa kuunguza nishati nyingi kuliko makarani wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili, matumizi yao yalikuwa sawa. Mwili unaofanya kazi nyingi hubana mahali pengine. Mazoezi hulinda moyo, hudhibiti sukari na hutuliza akili, na kila mtu ayafanye. Ila anayekimbia kila alfajiri na mizani haisogei asiitwe mwongo.

Njaa ya kabla ya kuzaliwa

Mwili hujifunza njaa hata kabla haujaonja chakula. Kati ya Novemba 1944 na masika ya 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na mgao wa watu wa Amsterdam ulishuka chini ya kilokalori 1,000 kwa siku. Wanawake wajawazito walikuwa miongoni mwao. Kwa kuwa njaa ile ilianza na kwisha kwa tarehe zinazojulikana, na vitabu vya kumbukumbu za uzazi vilihifadhiwa, watafiti waliweza kuwatafuta watoto wale wakiwa na miaka 50 hivi. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa walishindwa kuidhibiti sukari kwenye damu vizuri kama waliozaliwa kabla yake au waliotungwa mimba baada yake. Uchunguzi mwingine uliwalinganisha waliotungwa mimba wakati wa njaa na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakupitia njaa hiyo, ukakuta alama tofauti kwenye vinasaba vyao miongo sita baadaye.

Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kukaa kwenye sinia moja la pilau wakiwa na historia tofauti. Mmoja alibebwa mwaka wa mavuno, mwingine mwaka wa ukame. Mmoja anaweza kupata kisukari akiwa mwembamba, na watu wakashangaa, kwa kuwa wamezoea kukiita ugonjwa wa matajiri wanene.

Sukari, futari na daku

Katika kisukari ndiko mazoea yetu ya kutoa ushauri mmoja kwa watu wote yanapoumiza zaidi. Taasisi ya Weizmann ya Israeli iliwafunga watu 800 vifaa vya kupima sukari mfululizo kwa wiki moja, na kurekodi milo zaidi ya 46,000. Katika matokeo ya mwaka 2015, mtu mmoja alipokula ndizi sukari yake ilipanda sana na alipokula biskuti haikupanda. Kwa mwingine ilikuwa kinyume kabisa. Mwaka 2020 utafiti ulioongozwa kutoka London, uliowapima zaidi ya watu 1,000 wakiwamo mapacha wengi, ulionyesha kuwa hata mapacha wanaofanana kwa vinasaba huitikia mlo mmoja kwa viwango tofauti. Vinasaba vilivyotawala kule Quebec havikuwa na neno la mwisho hapa. Bakteria wa utumbo, usingizi, saa ya kula na mpangilio wa milo vyote vilikuwa na sehemu yake.

Mwezi wa Ramadhani huziweka tofauti hizi hadharani. Katika nyumba moja wote wamekula daku saa ile ile na chakula kile kile. Saa nane mchana mmoja anaendelea na kazi kama kawaida, wa pili kichwa kinamgonga, wa tatu tumbo linamuunguza, na wa nne, anayetumia insulini, ameanza kutokwa jasho na mikono inatetemeka. Huyu wa nne yuko hatarini. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inashauri afungue mara moja sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, yaani milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda kupita 300, sawa na milimoli 16.6. Kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa zipangwe upya. Anayemeza metformini peke yake hatari yake ya kushukiwa na sukari ni ndogo, lakini naye aulize.

Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa amewekewa fidia. Ruhusa hiyo imewekwa ili itumike. Wanafamilia wanaomtazama kwa jicho la kumtilia shaka imani mzee aliyekunywa maji saa nane mchana wanamsukuma kwenye hatari ambayo sheria ya dini imemwondolea.

Tofauti zisifiche umaskini

Nina hofu moja na elimu hii, kwamba itatumiwa vibaya. Mtu atasema: kama miili inatofautiana, basi njaa ya fulani ni maumbile yake. Hapana. Mapacha wa Malawi waliugua kwa sababu kwanza kabisa chakula chao kilikuwa duni, na panya waliokuwa na bakteria wabaya hawakudhoofika vile walipolishwa vizuri. Tofauti ya mwili huamua ni nani ataanguka mwanzo. Umaskini ndio unaowafikisha wote ukingoni. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza, kwa karibu asilimia 57, ulikuwa Iringa, ambako mahindi hujaa maghalani. Huwezi kulikabidhi tatizo la ukubwa huo kwa vinasaba. Linahitaji mboga, maharage, maziwa, mayai na samaki kwenye sahani ya mtoto, maji safi, vyoo, na mama ambaye kazi za shamba hazimnyang'anyi muda wa kumlisha mwanawe mara nne kwa siku.

Lakini chakula kikishapatikana, kila mwili utazamwe peke yake. Kadi ya kliniki ya mtoto imechorwa kwa ajili hiyo, na mstari wake mwenyewe ukilala au kushuka ndiyo habari ya kumpeleka mama kwa muuguzi, hata kama mtoto bado anaonekana mnene kuliko wa jirani. Chakula dawa hutolewa kwa kuangalia kilo za mtoto mgonjwa. Paketi moja ya gramu 92 ina kilokalori 500, na ni sehemu ya dozi yake; kuigawa kwa ndugu zake ni kumpunguzia tiba. Baba anayejua hivyo atawatafutia wengine uji wao badala ya kumshutumu mama kwa upendeleo.

Kwa mtu mzima mwenye kisukari, au mwenye ndugu wa damu wenye kisukari, kuna jambo lisilohitaji mashine ya gharama zaidi ya kipima sukari cha kawaida. Kwa siku tatu andika kwenye daftari ulichokula na saa uliyokula. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baadaye, andika namba zote mbili. Ugali wa dona leo, wali kesho, viazi vitamu keshokutwa, kiasi kikilingana kadiri iwezekanavyo. Usiache dawa wala kubadili dozi kwa kuangalia namba hizo. Zipeleke kwa daktari, zikae mezani kati yenu, na ushauri atakaokupa uanzie hapo.